Moto wa Nyika na Walioushitaki: Toka Shinyanga Hata Setilaiti

Methali ya Kiswahili yasema kwamba moto huzaa jivu, na maana yake yajulikana: mzazi mwenye nguvu na sifa aweza kuacha nyuma yake mtoto asiyefaa kitu. Jivu katika methali hiyo ni urithi usio thamani. Yaelekea kuwa maneno hayo yalitungwa na watu ambao moto wao ni wa mafiga, au wa nyumba iliyoungua. Mfugaji wa bara asingalisema hivyo. Kwake yeye jivu ndilo mzazi, na mtoto wake ni majani mabichi yachipuayo baada ya nyika kuungua, mara nyingi hata kabla ya mvua ya kwanza, wakati ambapo ng'ombe hawana kitu kingine cha kula ila mabua makavu. Tofauti hii ya fikira si ya methali tu. Kwa muda wa karibu miaka mia moja, wengi wa walioandika vitabu na sheria juu ya moto wa nyika waliliona jivu kama lionwavyo katika methali, na waliowasha moto waliliona kwa jicho la mfugaji. Na kwa kuwa kalamu ilikuwa mikononi mwa wale wa kwanza, wale wa pili waliandikwa kuwa waharibifu. Historia ya elimu ya moto wa nyika ni kwa sehemu kubwa historia ya mashitaka hayo, na ya ushahidi ulioletwa polepole, mwingine kutoka mahali pasipotazamiwa.

Yafaa kwanza kusema neno juu ya majina. Nchi iitwayo savana na wataalamu wa mimea ni ile ambayo majani huota chini ya miti iliyoachana, ambapo mvua hunya kwa msimu na ukame hushika kwa msimu. Neno lenyewe si la Kizungu kwa asili. Wahispania walilichukua kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi. Kiswahili hakina neno moja lililo sawa nalo, wala si upungufu. Nyika, kwa mtu wa pwani, ilikuwa nchi kavu yenye vichaka iliyo nyuma ya mashamba ya minazi, na wakaao huko waliitwa Wanyika bila ya kuulizwa. Pori ni mahali pasipo watu. Mbuga kwa watu wa bara ya Tanganyika ilikuwa uwanda ulio wazi wenye udongo mweusi wa mfinyanzi, usiopitika wakati wa masika na upasukao nyufa wakati wa kiangazi. Na kwa maana hiyo neno liliingia katika elimu ya udongo, kwa kalamu ya Geoffrey Milne aliyefanya kazi Amani katika miaka ya 1930. Siku hizi, kwa wasemaji wengi, mbuga ni mahali pa kutazama wanyama. Miombo nayo ilisafiri mbali zaidi, na leo hakuna mtaalamu wa mimea ya Afrika asiyelitumia neno hilo. Basi wenyeji waliigawa nchi kwa matumizi yake, na kila sehemu ilikuwa na moto wake na wakati wake. Wageni waliiita yote kwa jina moja, wakaupa moto wake wote hukumu moja.

Moto wenyewe ni wa kale kuliko maandishi yoyote. Katika pango la Wonderwerk, Afrika ya Kusini, yamepatikana majivu ya mimea na mifupa iliyoungua ya miaka ipatayo milioni moja. Habari za safari ya Hanno wa Carthage, aliyepita pwani ya Afrika ya Magharibi kabla ya kuzaliwa Kristo, zataja mioto iliyoonekana usiku kutoka baharini. Radi pia huwasha nyika, lakini radi huja na mvua. Moto wa kiangazi, wakati mawingu hayapo, ni wa mkono wa mtu. Huwashwa na mrina asali, na mwindaji, na mfugaji atakaye malisho mapya na kuua kupe, na mkulima atakaye kulisafisha shamba, na mwenye nyumba ambaye huchoma majani yaliyo karibu naye mapema, kabla hayajakauka sana, ili moto wa jirani usimfikie.

Serikali za kikoloni, za Waingereza na za Wafaransa, ziliukuta moto huo kila mwaka na zilitunga amri za kuukataza au kuuwekea masharti. Hoja yao ilikuwa kwamba palipo majani zamani palikuwa na msitu, na kwamba Mwafrika ameula msitu huo kwa moto na sasa analiandalia jangwa mahali pake. Hoja hii ilipata nguvu kwa kitabu cha Mfaransa A. Aubréville cha mwaka 1949, kilicholieneza neno la kugeuka kwa nchi kuwa jangwa katika lugha za Ulaya. Aubréville alikuwa mtu wa elimu kubwa na si haki kumfanya mjinga. Lakini wengi waliomfuata walichukua hofu yake na kuacha uchunguzi wake, na miaka karibu hamsini ilipita kabla ya James Fairhead na Melissa Leach, katika kitabu chao cha mwaka 1996 juu ya Kissidougou katika nchi ya Guinea, kuonyesha kwamba visiwa vya msitu vilivyodhaniwa kuwa masalio ya msitu ulioteketezwa vilikuwa vimeoteshwa na wanakijiji wenyewe kando ya makazi yao.

Tanganyika ina sehemu yake ya pekee katika habari hizi, na sehemu hiyo huanza kwa maradhi. Mnamo mwaka 1890 na 1891 sotoka ilipita Afrika ya Mashariki ikaua ng'ombe, na nyati, na nyumbu kwa wingi usiopata kuonekana. Oscar Baumann, aliyepita nchi ya Wamasai mwaka 1892, aliwakuta watu wamekonda kwa njaa. Baada ya sotoka ikafuata ndui, na baada ya ndui vita vya ukoloni. Nchi zilizolimwa zikabaki tupu, vichaka vikarudi, na pamoja na vichaka akaja mbung'o, ambaye pengine huitwa ndorobo, na maradhi yake: nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kilichotokana na kazi yake Dar es Salaam, alishikilia kwamba kabla ya msiba huo watu wa bara walikuwa wameishika nchi yao, wakimweka mbung'o mbali kwa jembe, kwa mifugo na kwa moto. Wapo waliosema kwamba Kjekshus aliipamba mno hali ya kale. Hata hivyo hakuna aliyeweza kukanusha jambo la msingi, kwamba pori ambalo wageni waliliita Afrika ya asili lilikuwa, mahali pengi, kaburi la makazi ya watu.

Mmoja wa waliolitambua jambo hilo mapema alikuwa Charles Swynnerton. Alizaliwa Uingereza mwaka 1877, akakaa miaka mingi kama mkulima karibu na mpaka wa Rhodesia ya Kusini na Msumbiji, na elimu yake ya wadudu, ndege na mimea aliipata zaidi kwa kutazama kuliko darasani. Mwaka 1921 alitoa taarifa ndefu juu ya mbung'o wa Mossurise ya Kaskazini, katika eneo la Wareno. Taarifa hiyo yastahili kusomwa hata leo, kwa sababu Swynnerton alifanya jambo ambalo wenzake hawakulifanya: aliwauliza wazee. Nao walimweleza habari za Umzila, mfalme wa Gaza, aliyehamia katika nchi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1860 akiwa na ng'ombe wake, akakuta kwamba mbung'o yupo na ng'ombe wanakufa. Umzila hakurudi alikotoka. Aliamuru watu wakusanyike na kukaa pamoja kwa wingi, wakate vichaka, walime, na wanyama wa mwitu wawindwe ndani ya nchi iliyokaliwa. Na baada ya miaka kadhaa ng'ombe walilisha mahali ambapo kwanza walikufa. Kisha mwaka 1889 mwanawe Gungunyana aliwahamisha watu wengi kwenda kusini. Mashamba yakaachwa, vichaka vikarudi, na mbung'o akarudi pamoja navyo. Swynnerton aliona kwamba hapa palikuwa na jaribio kamili, lililofanywa na mfalme asiyejua kuandika, lenye mwanzo, na matokeo, na hata na sehemu ya pili ambayo wataalamu wa maabara huitaka daima, yaani kuondoa sababu na kutazama kama matokeo nayo yataondoka.

Mwaka 1919 alifanywa mkuu wa idara ya wanyama ya Tanganyika, na mwaka 1929 mkuu wa uchunguzi wa mbung'o, ambao makao yake yalikuwa Shinyanga. Huko alijaribu kufanya kwa moto yale ambayo Umzila aliyafanya kwa shoka. Fikira yake ilikuwa hivi. Moto wa mapema, uwashwao majani yakiwa bado na unyevu, huruka huku na huku, huacha vipande visivyoungua, na hauviumizi vichaka. Lakini majani yakihifadhiwa mpaka mwisho wa kiangazi, kisha yakawashwa yote pamoja siku ya jua kali na upepo, moto huwa mkubwa mno na huviunguza vichaka ambavyo mbung'o hukaa kivulini mwake. Moto wenyewe haumuui mbung'o kwa hesabu ya maana. Vifukofuko vyake hulala chini ya udongo ambako joto halifiki. Unachokiua ni nyumba yake. Katika vipande vingine Swynnerton alijaribu kinyume chake, akazuia moto kabisa, ili vichaka visongamane hata mbung'o wa nchi ya wazi asipapende tena. Mbung'o mmoja wa Afrika ya Mashariki hubeba jina lake hata leo, Glossina swynnertoni, ambayo kwa mtu aliyetumia umri wake kuwapiga vita wadudu hao ni heshima ya ajabu kidogo.

Lililo gumu katika kazi hiyo halikuwa kuwasha moto bali kuuzuia usiwashwe. Ili majani ya eneo kubwa yasimame mpaka mwisho wa kiangazi ilipasa kila mrina asali, kila mchungaji na kila mwindaji auzuie mkono wake kwa miezi. Haikuwezekana kwa amri ya bwana shauri peke yake. Iliwezekana, kwa kadiri ilivyowezekana, kwa sababu watemi wa Usukuma na watu wao walikuwa na haja ya malisho yasiyo na mbung'o, na tangu miaka ya 1920 walikuwa wakitoka kwa maelfu kwenda kufyeka mapori. Katika vitabu vya wakati huo habari hizi zimeandikwa kama ushindi wa idara. Msomaji wa leo aweza kujiuliza ni nani aliyemfundisha mwenzake. Swynnerton mwenyewe hakuificha deni yake kwa wazee wa Mossurise. Kitabu chake kikubwa juu ya mbung'o wa Afrika ya Mashariki kilitoka mwaka 1936, na mwaka 1938 alikufa katika ajali ya ndege pamoja na mtaalamu wa mimea B. D. Burtt, akiwa njiani kwenda Dar es Salaam kupokea nishani.

Msaidizi wake wa zamani, John Phillips wa Afrika ya Kusini, aliandika mwaka 1930 insha juu ya moto katika nchi za kusini na mashariki ya Afrika, na nyingine mwaka 1936 ambayo katika kichwa chake moto waitwa bwana mbaya na mtumishi mwema. Ilikuwa hatua mbele ya mashitaka matupu. Wakati huohuo majaribio ya miaka mingi yalianzishwa mahali pengine: Olokemeji katika Nigeria mwaka 1929, Ndola katika Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1933, na baadaye katika hifadhi ya Kruger mwaka 1954. Yote yalikuwa ya namna moja. Kipande kimoja huchomwa mapema kila mwaka, cha pili huchomwa mwishoni, cha tatu hakichomwi. Matokeo yalikubaliana: moto wa mapema huiacha miti iishi na kuongezeka, moto wa mwishoni huimaliza, na mahali penye mvua ya kutosha kipande kisichochomwa huelekea kuwa msitu. Basi lile swali lililokuwa likiulizwa na maofisa, kama watu wachome au wasichome, halikuwa swali lililofaa. Lililofaa lilikuwa wanachoma lini. Wakulima wengi wangaliweza kulijibu bila ya kungoja miaka ishirini.

Serengeti ndiko ambako jambo hili lilizidi kuwa na utata, na ambako fundisho lake ni kubwa zaidi. Hifadhi ya Taifa ilipewa mipaka mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakichunga humo waliondolewa, Ngorongoro ikatengwa. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama kwa ndege mwaka 1958, na idadi yao ya nyumbu haikufika 100,000. Hesabu iliyofanywa mwaka 1961 kwa njia nyingine ilipata zaidi ya 250,000. Katika miaka ya 1960 sehemu kubwa ya nyika ya kaskazini iliungua kila mwaka, na tembo walioingia hifadhini waliiangusha migunga mbele ya macho ya watalii. Ikaonekana kwamba msitu wa milele unakufa. Palitokea mabishano makali, wengine wakitaka tembo wapunguzwe kwa risasi.

Wataalamu wa Taasisi ya Uchunguzi ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1966, ndio waliotia shaka neno hilo la milele. Miti mikubwa iliyokuwa ikianguka haikuwa ya kale. Mingi ilikuwa imeota baada ya mwaka 1890, yaani baada ya sotoka na njaa kuwaondoa ng'ombe na watu, na baada ya wafanyabiashara wa pembe kuwamaliza tembo. Kwa miaka kadhaa hapakuwa na wa kuchoma wala wa kula mche, na migunga ikapanda juu kwa pamoja kama rika moja la vijana. Mche wa mgunga, yafaa kueleza, huishi katika hatari maadamu haujapita urefu wa miali ya moto wa majani. Kila mwaka shina lake huungua na mzizi wake huchipua upya, na hukaa hivyo miaka mingi bila ya kukua, mpaka ipatikane miaka michache isiyo na moto ili kichwa chake kivuke. Mara ukishavuka, moto wa majani hauuwezi. Basi kile kilichodhaniwa kuwa Afrika isiyoguswa kilikuwa matokeo ya balaa lililopita miaka sabini nyuma. Holly Dublin, aliyefanya kazi Mara, alionyesha mwaka 1990 pamoja na Anthony Sinclair na Jacqueline McGlade kwamba moto ndio ulioiondoa miti ya watu wazima katika miaka ya 1960, na kwamba baadaye tembo waliizuia isirudi kwa kula miche.

Kisha likatokea lisilotazamiwa na mtu yeyote. Ng'ombe waliozunguka hifadhi walichanjwa sotoka, na katika miaka ya 1960 maradhi hayo yakatoweka kwa nyumbu. Kufikia mwaka 1977 nyumbu walikuwa zaidi ya 1,300,000. Midomo hiyo yote ilikula majani ambayo hapo kwanza yalikuwa kuni za moto. Mike Norton-Griffiths, katika kitabu cha mwaka 1979 alichokihariri na Sinclair, aliandika jinsi mioto ilivyopungua kadiri nyumbu walivyoongezeka. Moto ulipopungua, miti ikarudi. Mwaka 2009 Ricardo Holdo na wenzake walifunga hesabu: kwa sababu ya chanjo iliyowekwa katika shingo za ng'ombe nje ya hifadhi, Serengeti ilikuwa imegeuka kutoka nchi itoayo kaboni angani ikawa nchi iiwekayo kaboni katika miti na udongo wake. Amri za kukataza moto hazikuwa na sehemu kubwa katika mageuzi hayo; daktari wa ng'ombe alifanya, bila ya kukusudia, yale ambayo maofisa wa misitu walishindwa kuyafanya kwa faini. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imekwisha duniani kote.

Mpaka hapo kila mtaalamu alijua moto wa mahali pake. Hakuna aliyeweza kusema Afrika yote huungua kiasi gani. Setilaiti ya kwanza ya kupiga picha za nchi kavu, iliyoitwa baadaye Landsat 1, ilirushwa na Marekani tarehe 23 Julai 1972. Ilirudi juu ya mahali palepale kila baada ya siku 18, na kovu la moto wa majani laweza kufutika katika muda huo kwa upepo na machipukizi, basi haikutosha. Vyombo vya utabiri wa hali ya hewa vilipita kila siku lakini viliona kwa ukubwa wa kilometa moja na zaidi. Hata hivyo mapema katika miaka ya 1980 iligunduliwa kwamba vyaweza kuona moto ulio mdogo kuliko jicho lao. Siri yake ni joto. Ardhi ya kawaida hutoa mionzi yake mingi yenye urefu wa wimbi wa maikromita kama 10 hivi. Moto wa majani hutoa mionzi iliyo na nguvu zaidi karibu na maikromita 4. Chombo kikilinganisha mionzi ya namna hizo mbili, hata moto unaochukua sehemu ndogo ya eneo lake hujionyesha, kama vile kaa moja katika chumba cha giza.

Mwaka 1990 Paul Crutzen na Meinrat Andreae walitoa makala yaliyowafanya watu wa hali ya hewa wageuze macho yao kwenye nyika za nchi za joto, kwa kuwa moshi wake ulionekana kuwa na fungu kubwa katika hewa ya dunia. Chombo kiitwacho MODIS kilipanda na setilaiti ya Terra mwezi Desemba 1999 na ya Aqua mwezi Mei 2002, na tangu hapo ramani ya mioto ya kila siku na ya maeneo yaliyoungua kila mwezi ikapatikana kwa nchi zote. Ramani hizo zilionyesha kwamba yapata asilimia 70 ya ardhi iunguayo duniani kila mwaka imo Afrika. Kwa aliyelelewa katika hoja ya zamani, huu ulikuwa ushahidi wa mwisho wa kumtia mshitakiwa hatiani.

Lakini ushahidi uliendelea kusema. Mwaka 2017 Niels Andela na wenzake walitangaza kwamba kati ya mwaka 1998 na 2015 eneo liunguelo duniani lilikuwa limepungua kwa karibu robo, na sababu kubwa waliyoiona ni kupanuka kwa kilimo na mifugo katika nyika. Mtu anapolima nyika, moto hupungua. Shamba, barabara na malisho yaliyoliwa huukatia njia. Yaani wale walioitwa wachomaji, kadiri walivyozidi kuwa wengi, ndivyo nyika ilivyozidi kutoungua. Jambo hilo halina furaha tupu, kwa sababu majani yasiyoungua na yasiyoliwa hugeuka kuwa vichaka, na wanyama na mimea ya nchi ya wazi hupoteza makao yao.

Halafu ikadhihirika kwamba ramani yenyewe ilikuwa na upofu. Pikseli ya MODIS ya kupimia eneo lililoungua ina upana wa meta 500. Ekhi Roteta na wenzake walipotumia setilaiti za Sentinel-2, zionazo kwa meta 20, kuipima Afrika ya kusini ya Sahara katika mwaka 2016, walipata eneo lililoungua la kilometa za mraba milioni 4.9, yaani asilimia 80 zaidi ya lile la MODIS. Tofauti hiyo ilitokana na mioto midogo. Na mioto midogo ni ya nani? Ni ya yule mwenye nyumba aliyetajwa hapo juu, achomaye mapema kipande kwa kipande. Jicho la angani liliuona moto mkubwa wa mwishoni na kuupita ule wa hekima. Paul Laris, mtaalamu wa jiografia kutoka California, alikuwa ameliona jambo hilo tangu mwaka 2002 katika kusini ya Mali, kwa kuziweka picha za Landsat mbele ya maneno ya wanakijiji. Alikuta kwamba wachomaji huanza mara tu majani mafupi ya udongo mwembamba yanapokauka, kisha hufuata mengine kadiri yanavyokauka, hata nchi huwa kama mkeka wenye mabaka, ambao moto mkubwa hauwezi kuvuka. Na hayo yalifanyika katika nchi ambayo sheria yake ya misitu ya mwaka 1986 ilikuwa imewatoza faini nzito hao hao wachomaji.

Sasa shauri limeingia sokoni. Katika Arnhem Land ya Magharibi, Australia, tangu mwaka 2006 wenyeji wamelipwa kwa kuchoma mapema, kwa hesabu kwamba moto wa mapema hutoa moshi kidogo kuliko ule wa mwishoni. Na wapo wanaotaka mpango huo uletwe Afrika. Hoja si mbaya. Kaboni ya majani yaliyoungua hurudi katika majani ya mwaka unaofuata, lakini methani hairudi kwa njia hiyo, na kuipunguza ni faida. Laris na wenzake wamejibu kwa mambo mawili yasiyopuuzika. Kwanza, majani mabichi huungua vibaya na moshi wake huwa na methani nyingi kwa kila kilo iliyoungua, basi moto wa mapema mno waweza kupoteza faida yake. Pili, watu wa Afrika ya Magharibi wanachoma mapema tayari, na haijulikani mtu atalipwaje kwa kuacha kosa ambalo hakulitenda. Maofisa wa misitu wa Tanzania wana neno lao kwa moto usiotakiwa: moto kichaa. Ni neno la nguvu na limeenea, lakini linauficha mkono uliowasha na sababu ya kuwasha, maana kichaa haulizwi sababu.

Huko Shinyanga nchi iliyofyekwa kwa ajili ya mbung'o, kisha ikalimwa pamba na kujaa ng'ombe, ilifika kuitwa jangwa. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili, yaani kutenga malisho tangu mwanzo wa masika na kuyafungua kiangazi kikishika. Kuhamishwa kwa watu vijijini katika miaka ya 1970 kuliivunja, kwa kuwa mtu aliyehamishwa hakuweza kulinda majani aliyoyaacha nyuma. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, nao, baada ya kuanza kwa kugawa miche, ukajifunza kuziunga mkono ngitili. Mikutano ya jadi iitwayo dagashida ndiyo iliyoamua adhabu ya kuchunga au kuchoma bila ruhusa. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 ngitili zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000, na migunga ikarudi mahali ambapo Swynnerton aliiondoa. Nyingi za familia ni za hekta chache tu. Pikseli moja ya MODIS ni hekta 25.